Shughuli za utafiti zipimweje katika ofisi yenye taaluma nyingi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafanya kazi Kigoma Mjini, katika ofisi yenye watafiti wa uvuvi, ubora wa maji, misitu na afya ya jamii. Tumeagizwa kuandaa taarifa ya mwaka itakayopima shughuli za utafiti za kila kitengo. Pendekezo lililotolewa ni kuhesabu makala zilizochapishwa pamoja na idadi ya mara ambazo zimerejelewa na watafiti wengine, kisha vitengo vipangwe kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Wenzetu wa uvuvi, ambao alfajiri huwa mwaloni Kibirizi wakipima dagaa, wanalalamika kwamba kazi yao haitaonekana. Je, wana hoja? Na je, kipo kiwango kimoja kinachofaa kwa taaluma zote?

JIBU: Wenzako wana hoja, ingawa si kila wanachokifanya mwaloni kinaitwa utafiti, na hapo ndipo ningeanzia kabla ya kugusa makala hata moja.

Nchi nyingi hupima utafiti kwa kufuata Mwongozo wa Frascati, uliopewa jina la mji wa Italia ambako wataalamu wa takwimu walikutana mwaka 1963, na ambao toleo lake la mwaka 2015 linataka shughuli itimize masharti matano ndipo ihesabiwe kuwa utafiti: ilenge kupata maarifa mapya, itokane na ubunifu, matokeo yake yasiwe yamejulikana tangu mwanzo, ifanywe kwa mpango na bajeti, na matokeo yake yaweze kuhamishwa au kurudiwa na mtu mwingine. Sasa mchukue mtu anayepima uzito wa dagaa walioshushwa Kibirizi. Akipima ili kujaza takwimu za kawaida za mavuno, kazi hiyo ni ya lazima na yenye heshima, lakini kwa masharti hayo si utafiti. Akipima dagaa wale wale, kwa mzani ule ule, kwa sababu kitengo kimepanga kuchunguza kama taa za umeme wa jua zinavuta samaki wa ukubwa tofauti na wale waliokuwa wakivutwa na karabai, kazi hiyo ni utafiti tangu saa ya kwanza. Kinachotofautisha ni swali lililomtoa nyumbani alfajiri ile. Kwa hiyo kila kitengo kitenganishe mambo hayo mawili, na taarifa iyaonyeshe yote katika safu mbili, ili ufuatiliaji wa kila siku usijipachike jina la utafiti wala usipotee.

Baada ya hapo hesabu muda wa watu, kwani idadi ya vichwa hudanganya. Ikiwa kitengo kina watumishi watatu, na mmoja anatumia asilimia 40 ya mwaka wake katika utafiti, wa pili 25 na wa tatu 60, kitengo hicho kina sawa na mtafiti 1.25 wa muda wote, wala si watafiti watatu. Kwa maoni yangu kipimo hiki kina haki kuliko vyote ulivyotajiwa, kwa sababu saa ya mtafiti wa misitu na saa ya mtafiti wa malaria ni saa ile ile.

Marejeo ya makala hayana usawa huo. Taaluma za afya zina waandishi wengi, huchapisha haraka na kila makala hurejelea nyingine nyingi. Anayechunguza samaki wa ziwa moja ana wasomaji wachache, hata kama kazi yake ni bora. Jorge Hirsch, mwanafizikia aliyependekeza mwaka 2005 kipimo cha h (mtafiti ana h ya 10 ikiwa makala zake 10 zimerejelewa angalau mara 10 kila moja) ambacho ofisi nyingi hukitumia leo, alionyesha mwenyewe kwamba wanabaiolojia huwa na thamani kubwa ya h kuliko wanafizikia. Njia inayokubalika ni kugawanya marejeo ya makala kwa wastani wa marejeo ya makala za aina hiyo, za taaluma hiyo na za mwaka huo. Kwa mfano wa kubuni, makala ya uvuvi iliyorejelewa mara 6 pale ambapo wastani ni 4 inapata 1.5, na makala ya malaria iliyorejelewa mara 18 pale ambapo wastani ni 20 inapata 0.9. Hesabu ghafi ingeyapindua matokeo hayo. Hata hivyo, kitengo chenye makala tatu kwa mwaka ni kidogo mno kwa wastani wa aina hiyo, kwa kuwa makala moja iliyobahatika itaupandisha wote. Unganisheni angalau miaka mitatu, na idadi ya makala iandikwe kando ya kila wastani.

Kuhusu kiwango kimoja kwa taaluma zote, jibu langu ni kwamba kiwango kinachowezekana ni cha namna ya kurekodi, na katika utafiti wa mazingira hicho ndicho chenye uzito kuliko vyote. Niliwahi kupokea takwimu za miaka mitatu za mavuno ya dagaa kutoka ofisi moja, ambamo katikati ya mwaka wa pili mwandishi aliacha kuandika mavuno kwa usiku mmoja wa chombo akaanza kuandika kwa safari, bila kuacha maelezo popote. Tulilazimika kuziweka kando zote, na hadi leo naumia nikizikumbuka alfajiri za watu waliozikusanya. Kilo za dagaa hazina maana ya kisayansi bila juhudi iliyotumika: ni kipe (vyombo vya kuvulia dagaa) ngapi, taa ngapi, saa ngapi majini, na kama usiku ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi. Vivyo hivyo uwazi wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, bamba la mviringo linaloshushwa majini kwa kamba hadi lisionekane, ambayo katika maziwa kwa kawaida ina kipenyo cha sentimita 20, ikishushwa upande wa kivuli cha mtumbwi, na kinachoandikwa ni wastani wa kina inapopotea na kina inapoonekana tena. Anayebadilisha sahani au saa ya kupimia aandike hivyo siku hiyo hiyo.

Mwaka 2003 tafiti mbili zilionyesha kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na zote zilitegemea kulinganisha vipimo vipya na vile vya miongo mingi iliyopita. Aliyeandika kina na joto katika daftari la wakati ule hakupata rejeo lolote kwa miaka mingi. Kwa hiyo ningeiingiza katika taarifa yenu kila hifadhidata iliyokamilika, yenye maelezo ya mbinu na iliyohifadhiwa mahali ambapo mwingine anaweza kuipata, iwe tokeo la utafiti kwa jina lake.

Kupanga vitengo kwa nafasi sikushauri kabisa. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, matamko mawili kuhusu namna ya kutathmini utafiti, yanaonya dhidi ya kuziachia namba zihukumu peke yake. Kila kitengo kipate ukurasa wake wenye muda wa utafiti, makala, hifadhidata na maelezo mafupi ya nani aliyatumia matokeo. Mkishikilia fasili za Frascati, takwimu zenu zitaweza pia kuunganishwa na za taifa bila kuhesabiwa upya.

Kwa mwaka uliokwisha, ambao naamini hakuna aliyejaza karatasi za muda (za kuandika saa alizotumia katika kila kazi), ketini na kila mtumishi mkadirie asilimia zake, na kila namba ya aina hiyo iandikwe wazi kwamba ni makadirio. Karatasi za muda zianze kujazwa mwezi huu.