Kuongoza timu ya tiba gerezani

Umeuliza kama kiongozi wa timu ya tiba ya kisaikolojia gerezani anashinda akiwasikiliza wafungwa. Kidogo tu, ndugu. Kazi kubwa ni kuwasimamia wanaoendesha vikao vya wafungwa hao. Uingereza, vikao vya waliofungwa kwa makosa ya ngono havikuendeshwa na wanasaikolojia peke yao. Walikuwemo askari magereza waliopewa mafunzo. Vikao vilirekodiwa kwa video, msimamizi aone nani anauliza maswali na nani kageuka mhubiri.

Na bado hiyo haitoshi kama tiba yenyewe ina walakini. Mwaka 2017 Wizara ya Sheria ya huko ilichapisha tathmini ya programu yao kuu: walioipitia, asilimia 10 walirudia kosa la ngono, wenzao wasioipitia waliolinganishwa nao, asilimia 8. Tofauti ndogo, ila upande mbaya! Ikaondolewa, zikaja programu mpya, Horizon na Kaizen.

Ningekuwa kwenye usaili, ningemuuliza mwombaji: utajuaje kwamba mnachofanya hakidhuru? Akinitajia madodoso wanayojaza wafungwa wenyewe, namwita anayefuata. Anayesubiri kuachiwa mapema anajua fika jibu lipi linatakiwa.