Kuhukumu si dhambi, tatizo ni unachohukumu

Mleta mada umeuliza kwa nini tunaambiwa tusihukumu wenzetu, wakati mahakamani kuna watu kazi yao ni hiyo. Nilikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata huku Kilimanjaro, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 mabaraza hayo yakabaki na usuluhishi tu. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Mama mmoja mjane alimlalamikia shemeji yake kwamba amevuka masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, na kuingia kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la migomba la urithi. Shemeji alikuwa mlevi na mgomvi, kijiji kizima kilishampa mama ushindi. Tukaenda eneo la mgogoro. Masale aliyoyaonyesha mama yalikuwa membamba, yamepandwa kwa kuachana. Hatua chache ndani ya migomba tukakuta mengine, mashina manene yameshikana, yamenyooka mpaka kwenye mfereji. Wazee wawili wanaopakana nao, tuliowahoji mmoja mmoja, walisema yale membamba aliyapanda marehemu mwenyewe kutenga majani ya ng'ombe, na alipitiliza kwa kaka yake kwa makubaliano yao.

Tukaamua mpaka ni ule wa zamani. Hatukusema shemeji ni mtu mwema, wala mama ni mwongo. Yeye alishika alichoonyeshwa na mumewe. Tulijibu swali moja tu: mpaka uko wapi? Sababu tukaziandika, na mama tukamweleza kuwa ana siku 45 za kukata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wakuu, mtaani tunafanya kinyume. Sauti moja inarushwa kwenye grupu la ukoo, kufika jioni mtu ameshakuwa mwizi, na wa kumpigia simu kumuuliza hayupo. Katiba yetu ibara ya 13(6) inampa haki ya kusikilizwa hata anayeshtakiwa kwa mauaji. Ndugu yako wa damu unamnyimaje?

Lakini sikubaliani na wanaosema tusihukumu kabisa. Lazima uamue nani umkopeshe, nani umwachie mtoto. Amua, ila amua hilo hilo. Kama fulani hajalipa deni lako la mwaka jana, mnyime mkopo wa pili na umwambie sababu usoni. Kwamba ni tapeli, au kwao wote wako hivyo, hiyo kesi hakuna aliyekuletea.