Jibu: Kufupisha kishazi rejeshi katika Kiingereza

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini "the coffee which is grown in Kibosho" inafupika kuwa "the coffee grown in Kibosho", ilhali "the porter who dropped the bag yesterday was sent home" ilikataliwa ulipoandika "the porter dropping the bag yesterday".

Kabla ya kufuta chochote, tazama kama kirejeshi, yaani neno kama "who" au "which" linaloanzisha kishazi rejeshi, ndicho kiima cha kishazi chake. Katika "the coffee which farmers sell" kiima ni wakulima, hivyo utaondoa "which" peke yake na kitenzi kitabaki kama kilivyo. Kirejeshi kikiwa kiima na kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, ondoa kirejeshi pamoja na "is" au "was", basi.

Ugumu uko kwenye kauli ya kutenda, na ndipo wanafunzi ninaowafundisha hapa Moshi hukwama zaidi. Umbo la "-ing" hubeba tendo linaloendelea au hali ya kudumu, kama "the road leading to Marangu", wala halibebi tendo moja lililokwisha kabla ya lile la sentensi kuu. Mpagazi wako aliangusha mzigo mara moja, ndipo akarudishwa nyumbani. Kwa hiyo acha "who dropped" ikae, hata kama sentensi itakuwa ndefu kidogo.