Nilimchangia mdogo wangu seli shina: maswali ambayo ningeyauliza mapema

Mdogo wangu aliugua lukemia, yaani saratani ya damu. Baada ya mzunguko wa kwanza wa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, daktari alichukua sampuli ya uboho wa mdogo wangu, akaitazama kwa hadubini, akatuambia seli za saratani hazionekani tena. Tulikumbatiana tukilia. Miezi saba baadaye alianza kuchoka upya, ufizi ukawa unavuja damu kila anapopiga mswaki, na vipimo vikasema lukemia imerudi.

Siku ile ya furaha nilisikia "hazionekani" nikaelewa "hazipo". Ndiyo sababu ninaandika.

Uboho ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, na humo ndimo inamozaliwa damu yetu yote. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, zile za kugandisha damu hazifiki hata wiki mbili, kwa hiyo lazima pawe na mahali zinapotoka nyingine kila siku. Zinatoka kwenye seli shina: seli chache zinazoweza kujizaa zenyewe na pia kuzaa aina zote za damu. Watafiti James Till na Ernest McCulloch walizidhihirisha mwaka 1961 huko Toronto, Kanada. Panya waliouliwa uboho kwa mionzi walidungwa seli za uboho wa wenzao, na kwenye wengu zao vikaota vinundu vya damu mpya.

Sasa, lukemia nayo ina shina lake. Mwaka 1994 kundi la mtafiti John Dick, hukohuko Toronto, lilionyesha kwamba seli nyingi za lukemia kali ya aina aliyokuwa nayo mdogo wangu haziwezi kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Zinazoweza ni kundi dogo sana, linalofanana kwa alama na seli shina za kawaida. Mara nyingi kundi hilo limetulia, halijigawi kwa haraka, na dawa nyingi za kemo huzipata zaidi seli zinazojigawa upesi. Ukifyeka magugu kwa panga shamba linang'aa, lakini mizizi iko palepale. Kwa saratani za matiti, ubongo au utumbo mkubwa wataalamu bado wanabishana kuhusu nani hasa ni shina, na kama seli nyingine haziwezi kugeuka kuwa shina. Kwa damu picha iko wazi zaidi.

Kwa hiyo ukiambiwa saratani haionekani, uliza: mmeitafuta kwa kipimo gani? Kuna vipimo vya mabaki ya ugonjwa vinavyoweza kuiona seli moja mbaya kati ya 10,000 au zaidi, jambo ambalo jicho kwenye hadubini haliwezi. Uliza pia itakuwaje yakipatikana mabaki.

Kwetu jibu lilikuwa upandikizaji wa seli shina. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 tu ya kulingana kikamilifu na mwenzake kwa alama za tishu, siyo kundi la damu. Tulipimwa watatu, nikalingana mimi. Ukiitwa kupimwa, amua moyoni kabla hujasema ndiyo, na familia isimsukume mtu. Mgonjwa akishaanza dozi kubwa ya kuuondoa uboho wake, mchangiaji akijitoa, mgonjwa anaweza kufa. Mwenye shaka aseme mapema, na aheshimiwe.

Nilidungwa sindano kwa siku tano ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu. Kiuno na mfupa wa kifua viliuma kama mtu mwenye homa kali. Siku ya tano nililazwa karibu na mashine, damu ikitoka mkono mmoja na kurudi kwa mwingine, saa tano bila kukunja kiwiko. Midomo ilianza kunichonyota. Nikakaa kimya nikidhani ni hofu, kumbe ni dawa ya kuzuia damu isigande inayoshusha kalsiamu. Muuguzi alinipa vidonge vya kalsiamu, ikapoa. Sema mapema, usivumilie.

Mfuko uliopatikana ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, rangi yake kama nyanya iliyosagwa. Hakuna upasuaji: mdogo wangu aliwekewa kwenye mshipa kama anayeongezewa damu. Halafu tukangoja. Kila asubuhi tuliuliza seli nyeupe zimefika ngapi: sufuri, sufuri, sufuri. Siku ya 17 zikaonekana 200. Zilipopita 500 kwa siku tatu mfululizo, daktari akasema mbegu imeshika.

Watu huniuliza kama seli shina ndizo zilizoua saratani. Inategemea. Mgonjwa wa mayeloma, saratani nyingine ya uboho, hurudishiwa seli zake mwenyewe zilizogandishwa. Hapo dawa kali ndiyo inayopiga ugonjwa, na seli zinaujenga upya uboho. Kwa mdogo wangu kulikuwa na la zaidi: kinga iliyotoka kwangu inaiwinda lukemia iliyosalia. Ila kinga hiyohiyo inaweza kumshambulia mgonjwa mwenyewe. Viganja vikiwasha na kuwa vyekundu, au akiharisha, piga simu siku hiyohiyo, usingoje kliniki.

Na jambo tulilokaribia kulisahau: kabla ya dozi kubwa, uliza kuhusu uzazi. Dawa hizo mara nyingi huondoa uwezo wa kupata watoto, na mayai au mbegu za kiume zinaweza kuhifadhiwa kama muda unaruhusu.

Tukiwa tunahangaika, watu wawili walituletea "seli shina" za unga na za matone. Seli shina ni kitu hai. Haiwezi kukaa kwenye kopo la unga, na ukiimeza tumbo litaimeng'enya kama chakula kingine. Zipo pia kliniki zinazodunga seli shina zisizothibitishwa. Mwaka 2009 madaktari waliripoti habari za mvulana aliyedungwa seli za neva za vijusi kwa ajili ya ugonjwa mwingine, akaota uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo uliotokana na seli hizohizo. Anayekuuzia, mwulize: seli za nani, zimepimwa wapi, zinakwenda kufanya nini mwilini? Akizungukazunguka, ondoka.

Mdogo wangu alizaliwa na damu ya kundi A. Mimi ni O, na sasa naye ni O. Amebadilishiwa kadi, na popote anapotibiwa huanza kwa kumwambia muuguzi kwamba alipandikizwa, kabla hajachomwa sindano yoyote. Chanjo zake za utotoni nazo zilifutika pamoja na uboho wa zamani. Anazirudia moja baada ya nyingine kwa ratiba ya daktari.