Jibu: Xeon E5-2670 ya zamani dhidi ya Ryzen 7 5800U ya laptop

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini seva yako ya mtumba yenye kichakataji cha Xeon E5-2670, toleo la mwaka 2012, inachelewa kubana video kuliko laptop ya mwenzako yenye Ryzen 7 5800U, ilhali zote mbili zina viini 8 na nyuzi 16 (yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba).

Kwenye seva, anza kwa kuandika amri ya lscpu (ya Linux, inayoonyesha maelezo ya kichakataji) na kusoma mstari wa Flags: utaona avx, lakini avx2, yaani maagizo ya kuchakata data nyingi kwa mpigo mmoja, hutayaona, na programu nyingi za kubana video huyategemea sana maagizo hayo ya avx2. Kasi nayo inachangia, kwani Xeon hiyo huishia gigahezi 3.3 na Ryzen hufika 4.4, tena kwa kila mpigo wa saa Ryzen humaliza kazi nyingi zaidi. Umeme ndio usiseme: wati 115 za Xeon kwa 15 za Ryzen, ingawa laptop nyingi huvuka hizo 15 zikichomekwa ukutani.

Hata hivyo, nisingeiuza seva hiyo, kwa sababu ina njia nne za kumbukumbu na hupokea RAM ya ECC (inayosahihisha makosa ya data yenyewe) hadi gigabaiti 384, kiasi kinachotosha mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine moja) ambazo laptop ile isingezibeba. Ukizilinganisha tena, tumia video ndefu, maana laptop ikishapata joto hupunguza kasi.