Swali: Kwa nini waongoza ndege wa jeshi bado wanafundishwa kumshusha rubani kwa mdomo?

Mdau mmoja kauliza waongoza ndege wa jeshi walianza kufundishwa lini na wapi, alafu kwa nini mpaka leo kuna majeshi yanawafundisha kumshusha rubani kwa maneno tu wakati ILS (mitambo ya redio ya uwanjani inayomwelekeza rubani kwenye ranwei) zimejaa viwanjani.

Mkuu, mimi niko upande wa kiraia ila hii historia inatuhusu sana maana kazi yetu ya rada kwa kiasi kikubwa imetoka kwa hawa jamaa. Jeshi la Marekani lilianzisha AACS, kitengo chake cha mawasiliano ya anga, November 1938, Waingereza wakafungua shule Watchfield mwishoni mwa 1941 maana ndege za mabomu zilikuwa zinarudi usiku, ukungu umetanda na mafuta yanaelekea kuisha. Shule ile ikahamia Shawbury 1950 na RAF, jeshi la anga la Uingereza, wapo hapo mpaka leo. Wamarekani wao wana Keesler, Mississippi.

Kuna kituko kimoja lazima nikitaje. Wale wa kuongoza ndege za kivita, Waingereza waliwafundishia kwenye baiskeli za magurudumu matatu za kuuzia aisikrimu, mmoja anaendesha yeye ndo ndege, ana dira na redio, mwenzake anampa mwelekeo mpaka amkute "adui" ambaye naye yuko kwenye baiskeli. Cheka tu, lakini ile ni simyuleta kamili na haili mafuta.

Sasa swali lako lenyewe. Wakati wa vita mwanafizikia Luis Alvarez na wenzake pale chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza GCA, yaani rada inayokaa kwenye magari pembeni ya ranwei, antena moja inaangalia kushoto na kulia, nyingine inaangalia kimo. Mwanzoni ilikuwa kazi ya timu, huyu anafuatilia kimo, yule upande, mwingine umbali, na mmoja ndo anaongea na rubani. Baadae mitambo ikaboreshwa mtu mmoja akabaki anasoma kila kitu na kuongea humo humo, na hapo ndo mafunzo yakawa magumu, maana kuijua rada peke yake haitoshi, sauti yako ndo imekuwa chombo cha rubani. Ukipandisha sauti kwa hofu na yeye anaanza kuvuta usukani ovyo. Ndo maana mwanafunzi anarudia maneno yale yale mamia ya mara: uko kwenye mstari, uko juu kidogo, geuka kulia digrii mbili. Mteremko wa digrii 3 ni kama futi 300 kila maili, kwa hiyo hakuna muda wa kutafuta maneno. Ikifika hatua ya mwisho rubani anaambiwa asijibu tena, asikilize tu, na akikaa sekunde 5 hajasikia kitu anajua mawasiliano yamekatika.

Iliyothibitisha haya yote ni Berlin, pale Wasovieti walipofunga njia za ardhini na Berlin Magharibi ikawa inalishwa kwa ndege. Tarehe 13 August 1948 hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege moja ikaanguka na kuungua uwanja wa Tempelhof mjini humo, nyingine zikapata ajali pale pale, huku juu ndege zimepangwa ghorofa kwa ghorofa zinazunguka, na Jenerali Tunner, mkuu wa operesheni hiyo, mwenyewe yuko ndani ya mojawapo. Akaamuru zilizo juu zirudi zilikotoka. Baada ya hapo ikawa sheria: ukikosa kutua mara ya kwanza unarudi na mzigo wako, hakuna kuzunguka. Waongoza ndege wazoefu wakaitwa kutoka Marekani, wengine walishakuwa raia wakavalishwa tena magwanda, na mpaka April 1949 ndani ya siku moja walifikisha safari 1,398.

Kwa nini hawaiachi? Kwa sababu ILS inataka mitambo ya kufungwa uwanjani na kifaa chake ndani ya ndege, na kifaa kikifa hewani ILS haikusaidii tena. PAR, yaani hiyo rada ya GCA ya kumshusha rubani kwa sauti, inataka rubani awe na redio inayofanya kazi, basi. Hata dira ikiharibika unamwambia anza kugeuka, acha kugeuka, na anashuka. Alafu unaipakia kwenye lori unaipeleka uwanja wa vumbi ambao jana haukuwepo kwenye ramani. Sisi raia wengi wetu tumeachana nayo kwa sababu nyepesi tu, mwongozaji anashika ndege moja tu muda wote mpaka iguse chini, ukiwa na foleni ya ndege kumi jioni hailipi.