Babu aliyepeleka mtama vitani 1916: pa kumtafutia

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huku Tabora na Kigoma, askari aliandikwa jina. Aliyetoa mtama, mbuzi au mgongo wa kubebea mizigo mara nyingi alihesabiwa kwa jumla, chini ya mtemi wake. Kwa hiyo anza na mtemi na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Jina la babu lifuate.

Kabla ya nauli yoyote, jua alimtumikia nani. Muulize mzee: ilikuwa kabla ya Wabelgiji kuingia, au baada? Waliitwaa Kigoma Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo. Kabla ya hapo mizigo ilikuwa ya Mjerumani. Kigoma ilibaki chini ya Wabelgiji hadi 1921, hivyo karatasi za utawala wao zinatafutwa Brussels. Wapo wanaoandikia London kuhusu mtu ambaye hakuwahi kumbebea Mwingereza hata kibuyu.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba kwanza Vitabu vya Wilaya vya enzi ya Mwingereza. Humo mna koo za watemi na historia za eneo. Ukishapata jina la mtemi, ndipo uombe majalada ya Kijerumani. Mengine yameandikwa kwa mkono wa kizamani, na Mjerumani wa leo naye anaweza kukwama, kwa hiyo piga picha ukiruhusiwa, utafute msomaji baadaye.

Majina ndiyo yanayowaangusha wengi. Juma kwa Mjerumani ni Djuma au Dschuma, kwa Mbelgiji Djouma. Chambo atakuwa Tschambo, au Tchambo. Andika namna zote kwenye karatasi moja kabla hujafungua jalada.

Kama ukoo ulibatizwa, nenda parokia za kale kama Ndala na Ushirombo, au kwa Wamoravian wa Sikonge na Urambo. Daftari hufuata tarehe ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Mtu mzima wa 1916 huenda yuko kwenye kurasa za miaka kumi baadaye. Nakili na jina la msimamizi wake, maana mara nyingi ni jirani au ndugu. Kwa Waislamu wa Ujiji daftari la namna hiyo hakuna. Jaribu mashauri ya mirathi na viwanja.

Na ile sarafu ya Kijerumani ya heller 20 yenye mwaka 1916 na herufi T, ambayo baadhi ya familia wanayo? Ilipigwa Tabora wakati wa vita, kweli. Lakini ilizunguka hata sokoni, kwa hiyo si ushahidi kwamba babu alilipwa na jeshi.